HESABU ZETU NA MKAGUZI WETU

(Maneno ya hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Tawi mbele ya mkutano wa wanachama, Bombolulu)



Twajua kwamba wengine wenu mmetoka zamu ya usiku, na wengine mmekaa katika msongamano wa magari pale daraja la Nyali muda mrefu kabla ya kufika hapa. Kwa hiyo hatutawachosha kwa maneno ya mapambo. Tumetumwa na Kamati kusema jambo moja tu: mkaguzi wa hesabu ni mtu wa kazi gani, ni kitu gani humfanya aifanye kazi yake vyema, na ni kitu gani humfanya atie sahihi tu na kwenda zake.

Sisi si wataalamu wa hesabu. Tulisoma shule ya msingi ya misheni, tukafundishwa kujumlisha na kutoa, kisha tukaingia kazi ya reli. Lakini tumewauliza wanaojua, na tumesoma tuliyoweza kusoma. Zaidi ya hayo tumeshaumwa, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

YALIYOTUPATA

Hakuna hapa asiyejua habari ya mfuko wetu wa kusaidiana. Tuko wanachama 140, na kila mmoja hutoa shilingi 200 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 28,000 kwa mwezi, na shilingi 336,000 kwa mwaka. Pesa hizi si za biashara. Ni za sanda na jeneza, ni za hospitali, ni za mjane wa mwenzetu.

Mwaka ule mkaguzi alitafutwa na mweka hazina mwenyewe. Jina la mkaguzi na jina la ofisi yake tunaliacha. Alikuja alasiri moja, akaketi mezani, akapewa chai na mahamri, akafunguliwa daftari moja, akatia sahihi na muhuri. Kazi yote haikumaliza saa mbili. Katika mkutano mkuu karatasi ilisomwa upesi upesi, ikasema mfuko una shilingi 212,000. Mwenyekiti akauliza, "Mnakubali?" Nasi sote tukainua mikono.

Mwezi wa tatu baadaye mwenzetu akafariki. Mjane wake alikuja na watoto wawili kutafuta shilingi 60,000 zilizo haki yake. Tulipokwenda benki tukakuta shilingi 11,400. Slipu nyingine za benki zilizokuwa katika faili hazikuwahi kufika benki. Pesa nyingine zilikopeshwa watu bila karatasi yo yote. Maiti ililala mochari siku nne zaidi huku tukichanga upya. Wengi wenu mnakumbuka uso wa yule mama. Sisi hatujausahau.

Ndugu zetu, ni vyema tuseme kweli. Pesa zilizopotea zilikuwa shilingi 200,600. Aliyezichukua ana kosa lake. Mkaguzi aliyetia sahihi ana kosa lake. Lakini mikono iliyoinuliwa ilikuwa yetu.

KUONA NA KUSEMA

Mwaka 1981 mtaalamu mmoja wa Marekani, Linda DeAngelo, aliandika kwamba ubora wa ukaguzi una pande mbili. Upande wa kwanza ni kuligundua kosa. Upande wa pili ni kulisema kosa hilo baada ya kuligundua. Mkaguzi anayeona lakini hasemi hana faida. Mkaguzi aliye tayari kusema lakini haoni, naye pia hana faida.

Sisi watu wa reli jambo hili hatuna haja ya kufundishwa mara mbili. Wazee wetu wa karakana walitusimulia juu ya mtu aliyetembea na nyundo kando ya mabehewa, akigonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Gurudumu lenye ufa hulia kama sufuria iliyopasuka. Mtu yule alihitaji sikio la kusikia ufa. Tena alihitaji moyo wa kumwambia mkubwa wa stesheni, "Behewa hili haliondoki," hata kama treni imechelewa na mkubwa amekasirika.

Hata leo, kabla ya treni ya mizigo kuondoka Changamwe kupanda kwenda Mazeras na Mariakani, breki hupimwa hadi behewa la mwisho, ndipo cheti kitiwe sahihi. Mtu akikaa kivulini akanakili cheti cha jana, karatasi itakuwa nzuri kabisa. Breki haijui habari ya karatasi. Hesabu ni vivyo hivyo.

Basi, ni mambo gani humfanya mkaguzi aone, na humfanya aseme? Tumeyapanga saba.

KWANZA: UJUZI NA CHETI

Ukaguzi si kazi ya kila mtu ajuaye kujumlisha. Hapa Kenya mitihani ya wahasibu husimamiwa na KASNEB, iliyoanzishwa mwaka 1969. Chama cha wahasibu, ICPAK, kilianzishwa mwaka 1978, na sheria ya wahasibu ya mwaka 2008 inamtaka anayejitolea kwa watu kama mkaguzi awe na cheti cha kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza si "Je, unamjua?" Swali la kwanza ni "Cheti chake kiko wapi, nacho ni hai?" Kuuliza ICPAK kama mtu fulani yumo katika orodha yao si dharau.

Mtu akisema haya ni makuu kwa watu wadogo kama sisi, na asikie habari ya KUSCCO, muungano wa vyama vya Sacco ulioanzishwa mwaka 1973. Ripoti ya uchunguzi iliyotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2025 ilisema kwamba shilingi zipatazo bilioni 13.3 hazikuweza kuonekana zilikokwenda. Ilisema pia kwamba hesabu zilitiwa sahihi kwa jina la mkaguzi ambaye alikwisha kufa. Nani ana hatia, hilo twawaachia mahakimu. Lakini fikirini: marehemu anatia sahihi, na vyama vya watu wenye elimu vinapokea karatasi na kuiweka kabatini. Simu moja tu ingetosha.

PILI: UHURU

Mkaguzi asiwe jamaa wa mweka hazina. Asiwe mdeni wake, wala mshirika wake katika biashara. Tena asiwe ndiye anayeandika vitabu halafu akarudi kuvikagua, maana hakuna mtu anayejisahihisha mtihani akajipa sifuri.

Habari ya kampuni ya Enron ya Marekani yafaa kusimuliwa kwa wafanya kazi. Katika mwaka 2000 ofisi ya Arthur Andersen ililipwa na Enron dola milioni 25 kwa kukagua hesabu, na dola milioni 27 kwa kazi nyingine za ushauri na kadhalika. Basi mkaguzi akimkasirisha tajiri huyu, hupoteza mikate miwili kwa siku moja. Desemba 2001 Enron ikafilisika. Wafanya kazi wake wengi waliwekewa akiba ya uzeeni katika hisa za kampuni hiyo hiyo, na hisa hizo zikawa karatasi tupu. Mwaka 2002 Andersen nayo ikaacha ukaguzi, na ilikuwa na watu wapatao 85,000 duniani. Wengi wao hawakupata kuiona hata karatasi moja ya Enron, lakini kazi yao ilikwenda na maji. Mtaona kwamba uhuru wa mkaguzi ukifa, wa kwanza kuumia ni mfanya kazi.

TATU: UJIRA NA WAKATI

Hapa twajua tutapata kelele. Yuko mwanachama atakayesema, "Kwa nini tulipe mkaguzi ghali na yuko wa rahisi?" Tumepata bei mbili. Wa kwanza anataka shilingi 15,000 na asema atamaliza kwa nusu siku. Wa pili anataka shilingi 45,000 na asema atahitaji siku nne pamoja na msaidizi wake.

Hatusemi kwamba bei kubwa daima ni kazi nzuri. Mjini wamo wezi ghali pia. Lakini nusu siku haitoshi kusoma risiti za mwaka mzima za watu 140. Mwenye haraka hukagua kurasa za juu tu, na mwizi hukaa kurasa za chini. Tumepiga hesabu. Shilingi 45,000 zikigawanywa kwa watu 140 ni kama shilingi 321 kwa mtu kwa mwaka, yaani chini ya shilingi 27 kwa mwezi. Hasara iliyotupata ni kama shilingi 1,433 kwa kila mtu, mbali na aibu. Rahisi ilitugharimu.

NNE: KUFUATA USHAHIDI MWENYEWE

Mkaguzi mwema haridhiki na karatasi aliyopewa na yule anayekaguliwa. Humwandikia meneja wa benki, na jibu la benki humjia yeye mwenyewe, wala si kwa mkono wa mweka hazina. Huchagua wanachama kadha na kuwauliza, "Ulilipa lini? Tuonyeshe ujumbe wako wa M-Pesa." Humtembelea aliyeandikwa kwamba amepewa msaada ili kujua kama kweli aliupokea.

Katika Ujerumani, mwezi wa Juni 2020, kampuni ya Wirecard ilikiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizoandikwa katika vitabu vyake huenda hazikuwako kabisa. Ilidaiwa zimewekwa katika benki mbili za Ufilipino, na benki hizo zikasema hati zile ni za uongo na kampuni ile si mteja wao. Kampuni ya ukaguzi yenye jina kubwa duniani ilikuwa imezikubali hesabu hizo kwa miaka mingi. Basi jina kubwa peke yake si dawa. Slipu ya uongo ya Bombolulu na hati ya uongo ya bilioni ni ndugu, na dawa yao ni moja: kwenda kuuliza kwenye chanzo.

TANO: KUSIMAMIWA, TENA KUBADILISHWA

Katika ofisi za ukaguzi kazi kubwa ya kupekua risiti hufanywa na vijana. Hakuna ubaya, nasi sote tulianza kwa kushikiwa mkono. Ubaya ni kijana kuachwa peke yake, na mkubwa kuja mwisho kutia sahihi bila kusoma. Kwa hiyo tuulize: nani atakuja hapa, na nani atakayeipitia kazi yake?

Tena mkaguzi akikaa miaka mingi mahali pamoja, macho huzoea. Huanza kuuliza habari za watoto badala ya kuuliza habari za risiti. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2002, mkuu anayeongoza ukaguzi wa kampuni kubwa inayouza hisa hana ruhusa kupita miaka mitano mfululizo. Nchi za Muungano wa Ulaya ziliweka sheria mwaka 2014 kwamba kampuni kubwa za namna hiyo zibadilishe ofisi yenyewe ya ukaguzi, kwa kawaida baada ya miaka 10. Kamati yenu yapendekeza miaka mitatu. Lakini tusimfukuze mtu mwaka wa kwanza kwa kuwa ametuambia kweli. Hiyo haiitwi kubadilisha, yaitwa kuadhibu.

SITA: KUTOOGOPA

Aliyemwajiri mkaguzi ndiye anayeogopwa na mkaguzi. Akichaguliwa na mweka hazina, atamwogopa mweka hazina. Akichaguliwa na mkutano mkuu, na kuondolewa na mkutano mkuu tu, atawaogopa ninyi, na ndivyo ipasavyo.

Wenye kutunga Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 waliliona jambo hili. Mkaguzi Mkuu wa Serikali hupewa miaka minane, kisha hawezi kuteuliwa tena. Hana mtu wa kumbembeleza ili aongezewe. Kwa jirani zetu wa Tanzania tuliona hatari ya upande wa pili. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, baada ya maneno yake juu ya udhaifu wa Bunge. Novemba mwaka ule ule akaondoka katika kiti. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikwenda kinyume cha Katiba. Haki ilisemwa, lakini kiti kilikuwa kimekwisha kukaliwa na mwingine. Mkaguzi wa kijiji akiona hayo hujiuliza: nami nitalindwa na nani? Jibu katika tawi letu ni moja: alindwe na mkutano.

SABA: SISI WENYEWE

Hata mkaguzi hodari hawezi kuponya vitabu visivyokuwako. Kutunza hesabu ni kazi ya Kamati, si kazi yake. Risiti zikikaa katika mfuko wa plastiki chini ya kitanda, siku zake zote nne zitakwisha kwa kupanga karatasi. Kwa hiyo Kamati yaahidi mbele yenu: kila shilingi iingie benki kwanza kabla ya kutumika, kila msaada utolewe kwa sahihi tatu, na taarifa ya benki ibandikwe ukutani kila mwezi.

Tena tuelewane. Mkaguzi si polisi, wala si mganga wa kufichua wachawi. Hakagui kila senti. Huchagua mafungu ya kupima, kisha hutoa uhakika wa kutosha, si uhakika wa Mungu. Watu wawili wakishikana kuficha jambo, huenda wakampita hata mtu mwema. Kwa hiyo macho ya wanachama hayapumziki kwa sababu mkaguzi amekuja.

NA TUSOME RIPOTI

Ripoti ya mkaguzi ina namna nne, na maneno yake yana uzito. Ya kwanza ni safi: hesabu zaonyesha hali ya kweli kwa haki. Ya pili yasema ni sawa, "isipokuwa" jambo fulani. Ya tatu ni mbaya: hesabu hazionyeshi kweli. Ya nne mkaguzi asema hawezi kutoa maoni kwa sababu hakupata ushahidi. Mkisikia neno "isipokuwa", amkeni. Humo ndimo mlimo habari.

Mwaka 2016 Chase Bank ya hapa Kenya ilitoa hesabu zake mara mbili katika muda mfupi. Zile za pili zilionyesha mikopo mikubwa zaidi kwa watu wa ndani ya benki, na wakaguzi waliweka shaka yao katika maandishi. Wenye pesa wakakimbilia milangoni, na tarehe 7 Aprili Benki Kuu ikaiweka benki ile chini ya mrasimu. Twaona hapo kwamba neno la mkaguzi likisemwa lina nguvu. Twaona pia kwamba likichelewa, mwenye akiba ndogo hulisikia siku ile ile mlango unapofungwa. Heri lisemwe mapema, wakati ufa ungali mdogo.

TUNAYOWAOMBA

Ndugu wanachama, mkutano mkuu utawataka mchague mkaguzi. Twawaomba mje na maswali haya matano, na mtu ye yote asiwazuie kuyauliza:

1. Cheti chake ni hai, na nani amehakikisha?
2. Ana udugu, deni au biashara na mtu wa Kamati?
3. Atatumia siku ngapi, na nani hasa atakayefanya kazi?
4. Ataiuliza benki yeye mwenyewe?
5. Ripoti yake ataisoma yeye mwenyewe mbele yetu, na atajibu maswali?

Hili la tano tulishike sana. Mwaka ule ripoti ilisomwa na mtu yule yule aliyekuwa na sababu ya kuisoma upesi.

Kamati yenu haikuja hapa kujitakasa. Tulikuwa mezani siku ile, chai ile tulikunywa pamoja na mkaguzi, na hatukuuliza. Kuna mjane anayepita barabara hii kila Jumapili, nasi tukikutana naye huteremsha macho. Hatutaki kuteremsha macho tena mbele ya mwingine. Ikiwa mtatuchagua tena, tukagueni. Ikiwa mtachagua wengine, wakagueni hao pia. Mtu mwaminifu haonewi kwa kuhesabiwa. Hulindwa.

Nyundo ipige gurudumu, na sikio lisikilize. Likilia vibaya, behewa lisiondoke, hata kama treni imechelewa.



UMOJA NI NGUVU.

Ni sisi wenzenu,
Kamati ya Tawi, Bombolulu.